Msaipresi Ukigeuka Rangi: Namna ya Kutambua Sababu Kabla ya Kushika Shoka

Katika milima ya Taita, miti michache ya kigeni imezoeleka kama msaipresi, ambao wengine huuita mti wa Krismasi. Huonekana umesimama kwa safu mbele ya makanisa na shule, umezunguka makaburi, umefanywa ua wa nyumba kuanzia Mwatate hadi Wundanyi na Mgange, tena umepandwa kwa wingi pembezoni mwa misitu ya asili kama Ngangao, upate kuwa mbao na nguzo. Mti huu haupukutishi majani yake yote kwa wakati mmoja. Ndiyo maana watu hupenda kuupanda kwa pambo, kwani kiangazi na masika hubaki kijani kibichi.

Kwa sababu hiyo mwenye mti hushtuka sana anapouona umegeuka rangi ya kahawia. Wengi hufanya moja katika mambo mawili. Wa kwanza hushika shoka, akaukata mti ambao pengine ungepona. Wa pili hukimbilia dukani, akanunua dawa yoyote ya kuua wadudu atakayouziwa, akaunyunyizia mti usiokuwa na mdudu hata mmoja. Yule amepoteza mti wa miaka 15, na huyu amepoteza fedha, huenda na maji ya kijito kilicho chini ya shamba lake yakaingiwa na sumu. Somo hili lataka kuonyesha njia ya tatu, yaani kuuchunguza mti kwanza, na kutenda baadaye.

RANGI YA KAHAWIA SI JINA LA UGONJWA

Mtu akienda zahanati akasema, "Nina homa," daktari hampi dawa papo hapo. Humwuliza homa ilianza lini, humtazama macho na ulimi, humpima damu. Afanya hivyo kwa kuwa homa ni alama tu, na maradhi yaletayo homa ni mengi. Vivyo hivyo rangi ya kahawia katika majani ya msaipresi ni alama. Ukame huileta, chumvi huileta, mchwa huileta, ukungu huileta, wadudu huileta, na hata uzee wa kawaida wa majani huileta.

Jambo la pili la kukumbuka ni kwamba rangi hii huja nyuma ya madhara yenyewe. Mgomba ukikosa maji hulegea siku chache tu baadaye. Msaipresi sivyo. Majani yake ni kama magamba madogo yaliyobanana juu ya kijiti, nayo hukauka polepole. Mti uliopata madhara mwezi wa Januari huenda ukaonyesha rangi mwezi wa Machi. Kwa hiyo usiulize tu jana kulitokea nini, bali urudi nyuma miezi miwili au mitatu.

TUUJUE MTI WENYEWE

Msaipresi uliopandwa sana Kenya huitwa na wataalamu Cupressus lusitanica. Asili yake ni milima ya Meksiko na Amerika ya Kati, penye baridi ya wastani na mvua ya kutosha. Zamani ulipandwa pia ndugu yake, Cupressus macrocarpa, kutoka pwani ya California. Katika miaka ya 1940 na 1950 ugonjwa wa vidonda vya gome uliuangamiza sana huo wa pili katika Kenya, hata ukaacha kupandwa, na yule wa Meksiko akachukua nafasi yake kwa kuwa anauvumilia ugonjwa huo zaidi.

Habari hii ya asili ina maana kubwa kwa wakazi wa Taita Taveta. Mji wa Voi uko karibu mita 600 juu ya usawa wa bahari, nao hupata mvua ya milimita 500 hadi 600 hivi kwa mwaka, tena isiyotabirika. Lakini mtu akipanda barabara ya Mwatate mpaka Wundanyi, na kuendelea kuelekea kilele cha Vuria chenye mita 2,200 na zaidi, hukuta ukungu wa asubuhi, baridi, na mvua ya milimita 1,000 au zaidi. Kwa msaipresi, milimani ni kama nyumbani kwao. Voi ni ugenini. Basi mti ukikauka Voi, shuku kwanza maji na udongo. Mti ukikauka milimani, shuku kwanza wadudu na maradhi. Hii si sheria isiyovunjika, lakini ni mahali pazuri pa kuanzia.

MASWALI MATANO YA KUUULIZA MTI

Kabla ya kufanya lolote, simama mbele ya mti asubuhi penye mwanga mzuri, ujibu maswali haya:

1. Ukavu umeanzia wapi? Je, ni ndani karibu na shina, ni kwenye ncha za matawi, ni chini, ni juu, au ni tawi moja tu?

2. Ni mti mmoja au ni safu nzima? Ukavu uliopiga safu yote kwa usawa mara nyingi hutokana na udongo, maji, jua au makasi ya mwenye ua. Ukavu uonekanao kwa mabaka, huku mti mmoja ukiwa mgonjwa na jirani yake mzima, mara nyingi hutokana na mdudu au ugonjwa.

3. Kijiti kingali hai? Kwaruza gome la kijiti kwa ukucha. Chini yake ukiona ubichi wa kijani, kijiti kinaishi. Ukiona kahawia kavu, kimekufa.

4. Kuna nini juu ya gome? Fungua matawi kwa mikono utazame ndani. Tafuta utomvu unaotiririka, gome lililobonyea, masizi meusi, ute unaonata, siafu au sisimizi wanaopanda na kushuka. Tandaza karatasi nyeupe chini ya tawi, uligonge kwa fimbo, kisha utazame kilichoanguka.

5. Kuna nini chini ya ardhi? Chimba kwa jembe kando ya mti, uangalie kama udongo ni mkavu, umelowa kupita kiasi, una ukoko mweupe wa chumvi, au una njia za mchwa.

Mwenye kujibu maswali haya matano kwa uaminifu atakuwa amekwisha kufika nusu ya safari.

SABABU NA ALAMA ZAKE

Uzee wa majani. Majani ya ndani, yasiyopata jua, hugeuka kahawia na kuanguka, hasa wakati wa kiangazi. Alama yake ni kwamba ukavu uko ndani pande zote za mti kwa usawa, hali ncha zote ni kijani na zinaendelea kukua. Hakuna ute wala masizi. Huu si ugonjwa, wala hauhitaji dawa.

Kukatwa vibaya. Kuna miti ambayo ukiikata mpaka kwenye kuni kavu huchipua tena. Msaipresi hauna desturi hiyo. Mwenye ua akipogoa kwa pupa mpaka akapita majani mabichi na kuingia kwenye vijiti vitupu, sehemu ile hubaki kahawia daima. Tena ua uliopanuliwa juu na kubanwa chini hujinyima jua, na majani ya chini hufa. Ua mzuri huwa mpana chini na mwembamba juu.

Ukame na chumvi. Mti wenye kiu huanza kukauka kwenye ncha, hasa upande unaopigwa na jua la alasiri na upepo. Katika nyanda za Voi kuna jambo jingine, nalo ni maji ya visima, ambayo mara nyingi huwa na chumvi. Mtu hudhani anaunywesha mti, kumbe kila ndoo inaacha chumvi kidogo udongoni, na mvua haba haiwezi kuiosha. Alama ni ncha zilizoungua pande zote na ukoko mweupe juu ya udongo. Maji ya sabuni na ya kufulia yanayomwagwa mahali pamoja kila siku huleta dalili zinazofanana na hizo.

Maji kutuama na mizizi iliyosongwa. Mti uliopandwa penye udongo wa mfinyanzi usiopitisha maji huoza mizizi. Hufifia wote kwa pamoja, ukawa na rangi ya kijivu, kisha ya kahawia. Mche uliokaa mno kitaluni hujikunja mizizi ndani ya mfuko kama kamba; hukua vizuri miaka michache, halafu hukauka pasipo sababu ya kuonekana juu. Ukiung'oa, utaiona mizizi ingali na umbo la mfuko.

Mchwa. Adui huyu ni wa nyanda kavu zaidi kuliko wa milimani. Huanza kwenye mizizi na penye shina linapokutana na ardhi. Mche hugeuka njano, kisha kahawia, na ukiuvuta kidogo hung'oka mkononi. Tazama kama kuna tope kavu lililofunika gome, kwani hiyo ndiyo njia yao.

Vidonda vya gome. Huu ndio ugonjwa wa ukungu uliotajwa juu. Huingia kupitia jeraha, kama vile mahali palipokatwa, palipogongwa au palipotobolewa na mdudu. Alama yake ni tawi moja kukauka lote, likawa kama bendera ya kahawia katikati ya matawi mabichi. Fuata tawi hilo kuelekea kwenye shina, nawe utakuta mahali ambapo gome limebonyea na kupasuka na utomvu unatiririka. Chini ya jeraha kuni ni bichi. Juu yake zimekufa.

Vidukari wa msaipresi. Kwa wakazi wa milimani hii ndiyo sababu ya kuchunguzwa kwa bidii zaidi kuliko zote, kwa hiyo tutaieleza kwa kirefu.

HABARI ZA KIDUKARI WA MSAIPRESI

Mdudu huyu hakuwa wa Afrika. Alionekana kwanza katika bara hili huko Malawi mwaka 1986. Akaenea kaskazini nchi kwa nchi, na mwaka 1990 akaonekana Kenya. Mwanzo alidhaniwa kuwa ni aina iliyokwisha kujulikana Ulaya, lakini mwaka 1999 wataalamu walimtambua kuwa ni aina ya peke yake, wakamwita Cinara cupressivora. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 miti aliyoiua katika Afrika ya Mashariki na ya Kusini ilikadiriwa kuwa na thamani ya dola za Marekani zaidi ya milioni 40. Yeye hachagui msaipresi wa kigeni peke yake, bali hushambulia pia mtarakwa wetu wa asili.

Ni mdogo, urefu wake milimita 2 hadi 4, na rangi yake ya kahawia yenye vumbi la kijivu hulingana na gome hata jicho lisimtambue upesi. Wahenga walisema, "Kikulacho ki nguoni mwako." Hakai kwenye ncha za majani, bali hujibanza kwa makundi juu ya gome la vijiti, ndani ya mti penye kivuli. Huchoma mdomo wake katika gome, akanyonya utomvu, na mate yake huwa kama sumu kwa mti. Kwa hiyo kijiti hukauka hata baada ya wadudu kuondoka. Jike huzaa bila dume, tena huzaa watoto walio hai, wala hangoji mayai kuanguliwa. Ndiyo sababu wadudu wachache huwa maelfu kwa majuma machache, hasa wakati wa ukavu. Mvua kubwa huwapunguza.

Alama zake ni hizi. Ukavu huanza ndani na chini ya mti, kisha hupanda juu na kutoka nje, kinyume cha ukame unaoanzia kwenye ncha. Vijiti na majani hunata kwa ute mtamu ambao wadudu huutoa. Juu ya ute huo huota masizi meusi, na sisimizi huufuata. Ukigonga tawi juu ya karatasi nyeupe, huanguka wadudu pamoja na ngozi zao nyeupe walizozivua.

Ukiona mabaka ya kahawia lakini hakuna ute wala wadudu, usiharakishe kusema si kidukari. Tafuta masizi ya zamani. Huenda alikuja, akala, mvua ikamwondoa, na rangi ndiyo kwanza inafika.

MIFANO MIWILI

Tuseme kuna nyumba Voi yenye ua wa misaipresi 20. Yote imeungua kwenye ncha, zaidi upande wa magharibi. Ndani ni kijani. Hakuna ute. Udongo una ukoko mweupe, na mwenye nyumba hutumia maji ya kisima. Hapa dawa ya wadudu haina kazi. Dawa ni kuacha maji yale, kutumia maji ya mvua au ya mfereji kadiri yapatikanavyo, na kuweka majani makavu juu ya udongo ili unyevu usipotee.

Tuseme tena kuna shule karibu na Wundanyi yenye ua kama huo. Miti 4 kati ya 20 ina mabaka ya kahawia chini na ndani, na ncha za juu ni nzima. Mikono inanata, na sisimizi ni wengi. Huyu ni kidukari. Shule hiyo ikiongeza maji tu haitauponya ua. Na ikikata matawi mabovu na kuyaburura njiani mpaka kijiji cha pili, itakuwa imempelekea jirani ugonjwa. Rangi ni moja katika nyua zote mbili, lakini tiba hazifanani hata kidogo.

LA KUFANYA UKIMKUTA KIDUKARI

Kwanza, kata vijiti vilivyokufa, uvichome au uvifukie papo hapo. Usisafirishe matawi wala miche kutoka mahali penye ugonjwa, hata wakati wa Krismasi ambapo wengi hupeleka matawi mijini.

Pili, kama ua ni mdogo, nyunyiza maji yenye sabuni ya maji isiyo kali, vijiko viwili vya chai kwa lita moja. Yaelekeze ndani ya mti, kwenye gome, kwa kuwa sabuni huua mdudu inayemgusa tu. Jaribu kwanza kwenye tawi moja, ungoje siku mbili. Fanya kazi hii asubuhi au jioni, si jua la mchana. Rudia baada ya juma moja.

Tatu, usikimbilie dawa kali. Mdudu huyu ana adui wake. Mwaka 1994 nyigu mdogo sana aitwaye Pauesia juniperorum, aliyetoka Ulaya, aliachwa huko Malawi, na kisha Kenya pia, ili ampunguze. Nyigu huyu hamdhuru mtu. Hutaga yai ndani ya kidukari, na mtoto wake humla kutoka ndani. Ukiona vidukari waliovimba, wakawa wagumu na wenye tundu dogo la mviringo mgongoni, ujue rafiki yako yuko kazini. Mwenye kunyunyiza sumu ovyo huua adui na mlinzi pamoja, kisha adui hurudi peke yake.

Nne, kama ni shamba la mbao au safu ndefu, mwite afisa wa Huduma ya Misitu ya Kenya au wa kilimo wa kata. Mpelekee kijiti kilicho nusu kibichi na nusu kikavu, ndani ya mfuko uliofungwa, wala si kile kilichokufa kabisa, kwa kuwa wadudu hukaa mpakani mwa uzima na ukavu. Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya, KEFRI, iliyoanzishwa mwaka 1986, ina wataalamu wa mambo haya. Wakikushauri kutumia dawa ya dukani, hakikisha imesajiliwa na bodi ya serikali ya kusimamia dawa za wadudu, na usiinyunyize karibu na chemchemi. Maji ya milima ya Taita hunywewa na watu wengi walio chini.

Kwa vidonda vya gome, kata tawi chini ya jeraha, penye kuni safi, siku isiyo na mvua, na upanguse makasi kwa spiriti kabla ya kugusa mti mwingine. Jeraha likiwa kwenye shina lenyewe, mti huo ni bora uondolewe ili wenzake wasalie.

KWA ANAYEPANDA SASA

Safu ya mti wa aina moja ni kama nyumba yenye mlango mmoja; adui akiupata, amepata yote. Milimani changanya msaipresi na miti ya asili, na kwa ua fikiri kuhusu kayaba. Kwa Voi na nyanda zake, mwarobaini na mnyaa huvumilia jua kuliko mti uliozoea ukungu. Nunua miche ambayo mizizi yake haijajikunja, na uipande mwanzo wa mvua za vuli, ambazo kwa nyanda za Voi ndizo za kutegemewa zaidi.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Ukavu unaoanzia kwenye ncha na ule unaoanzia ndani hutofautianaje kwa sababu?
2. Kwa nini rangi ya leo huenda ikawa habari ya miezi miwili iliyopita?
3. Tawi moja limekauka kama bendera, na mengine ni mabichi. Utatafuta nini, na wapi?
4. Kwa nini haifai kuburura matawi ya mti mgonjwa njiani?

Msomaji atakayeweza kujibu haya, na atoke leo kabla jua halijawa kali, aende penye mti wake na karatasi nyeupe mkononi.